Shikamoo Niliyompa Bi Nazmiye

Wanjiru, mwalimu mwenzangu mpya anayetoka Nakuru, ndiye aliyeanza. "Mwalimu, si utuandikie tu vile hii class inaenda? Usituache hivi hivi, bana." Baraka wa Bukavu, atakayechukua darasa la Alhamisi, akadakia, "Mama, hata page mbili tu. Sisi tutasoma." Haya. Nimestaafu Ijumaa iliyopita. Nimekatiwa keki, nimepewa na saa ya ukutani ambayo imeshasimama, na asubuhi zangu hazina kazi. Basi naandika.

Sitawaeleza habari za vyeo. Vyeti vyangu viko ndani ya boksi la viatu na havijawahi kunifundishia mtu. Nitawaeleza habari za Waturuki, maana ndio mnaowarithi. Darasa letu la Kiingereza cha wageni pale Springfield, huku Marekani, lina watu wa kila nchi, lakini tangu naanza, viti vya mbele ni vya Waturuki, na wao hawaji kusoma tu. Wanakuja na chakula, wanakuja na mama mkwe, halafu na wewe unaitwa kwao. Usipojua kuishi nao utawafundisha vitenzi mwaka mzima na hamtajuana.

Nilianza kazi tukiwa tunakaa Takoma Park, mimi na marehemu mume wangu aliyekuwa anasoma. Nilikuwa napanda treni nyekundu mpaka mjini, nabadilisha buluu mpaka mwisho wa reli, halafu basi. Saa moja na nusu kwenda, na kurudi Mungu ndiye ajuaye. Mama yangu alikuwa amefariki Muheza miezi miwili kabla. Sikwenda kumzika. Karatasi zetu za kukaa nchini zilikuwa zimepelekwa kubadilishwa, tukaambiwa nikitoka sitaweza kuingia tena. Kaka yangu alinishikia simu karibu na kaburi ili nisikie wanavyoimba. Nilisikia upepo tu.

Kuna jambo sikulijua mpaka mama alipoondoka. Mimi ni kitinda mimba, maisha yangu yote nilikuwa na watu wa kuwaamkia. Ghafla nikajikuta katika mji huu mzima sina mtu hata mmoja wa kumpa shikamoo. Watanzania wa kanisani walikuwa rika langu, tunapeana "mambo" na "poa". Jamani, nyie bado vijana hamwezi kulijua hili. Ukikosa wa kumpa shikamoo, ujue wewe ndiye uliye mbele kwenye foleni ya kwenda kaburini.

Aliyenipokea kazini alikuwa Bi Dorothy, Mmarekani mweusi wa Upper Marlboro, mama mnene mwenye miwani ya kamba. Alinikabidhi boksi: kadi za picha, saa ya plastiki ya kufundishia majira, kengele ndogo ya mezani. Akanipa na maneno mawili. La kwanza, njoo na kalamu zako za ubao, za kabatini zote zimekufa. La pili, kabla hujacheka kosa la mwanafunzi, uliza kwanza kosa ni la nani. Kalamu nilinunua siku hiyo hiyo. Hilo la pili niliitikia kwa kichwa tu, nikaenda zangu.

Siku ya kwanza darasani niliwahi. Nilikuwa nimeinama napanga viti, mlango ukafunguka, akaingia mama mtu mzima, mfupi, kitambaa cha maua kichwani, mkononi ana mfuko wa mikate ya duara yenye ufuta. Akaniangalia, akasema kwa sauti nzito:

"Merhaba."

Mimi mtoto wa Muheza nikasikia marahaba. Mtu mzima ameitikia shikamoo ambayo sijampa! Kwetu hivyo ndivyo mkubwa anavyokusuta ukimpita bila kumsalimia: anajiitikia mwenyewe, na aibu inabaki kwako. Magoti yakakunjika yenyewe. "Shikamoo, mama!"

Akafurahi kweli kweli. "Merhaba, merhaba," akajibu, akanishika shavu, akanipa mkate.

Huyo ndiye Bi Nazmiye. Alikuwa ameletwa na mwanawe mwenye duka la kinyozi, anakaa na mkwewe Aylin, aliyekuwa pia mwanafunzi wangu, na mjukuu, Defne, wa miaka minne. Tangu siku hiyo, kila Jumanne na Alhamisi, mimi shikamoo, yeye merhaba. Hatukuwa na neno lingine la pamoja, na hilo moja lilinitosha. Nilikuwa nashuka kwenye lile basi nimechoka kama punda, nikisikia "merhaba" mlangoni nachangamka.

Wiki ya tatu nikamuuliza Aylin hilo neno lina maana gani kwao. Aylin wakati huo Kiingereza chake kilikuwa na mashimo, lakini hakikosi njia. "Ni hello tu, hocam," akasema. Hocam ndiyo mwalimu wangu. Wataitumia na kwenu, zoeeni. Nikacheka. Hapo ndipo ningepaswa kumwambia Aylin maana ya shikamoo na mambo yakaisha. Sikusema. Nilihisi nikisema, mtu atakuja kunichukulia salamu yangu.

Sasa niwape ya kazi. Ukialikwa chai kwa Mturuki, utaletewa bilauri ndogo, kiuno chembamba, haina mkono, inaunguza. Ukimaliza, inajazwa. Ukimaliza tena, inajazwa. Mimi nilifundishwa kwetu kwamba kukataa cha mwenyeji ni utovu wa adabu, kwa hiyo mara ya kwanza nilikunywa bilauri tisa. Ya tisa Bi Nazmiye alinitazama kwa huruma, akachukua kijiko changu akakilaza juu ya bilauri. Kumbe hiyo ndiyo "nimetosheka, ahsante". Nilizikumbuka bilauri hizo njia nzima mpaka Takoma, ndani ya treni, maana haina choo.

Mengine hayakuhitaji kufundishwa. Siku ya bayram, yaani Idi, watoto wanapanga mstari, wanabusu mkono wa mkubwa kisha wanauweka kwenye paji la uso, wanapewa pipi. Mimi Mkristo, lakini Muheza Idi tulikuwa tunaila wote, sikuona ugeni. Na sahani! Bi Nazmiye akikupelekea chakula, sahani hairudi tupu. Nilipomrudishia ya kwanza ina vitumbua alipiga kofi la furaha akamwambia Aylin, "Kumbe na wao ni watu!" Aylin alitafsiri huku ameona haya. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, maana mama yangu angesema vile vile.

Alikuwa mwanafunzi mgumu. Vitenzi vilimpita kama magari ya barabara kuu pale Springfield. Lakini haja yake ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote darasani, na aliniambia mapema, kupitia kwa Aylin. Dada yake, ndiye pekee aliyebaki kwao Giresun, alikuwa anaumwa, ugonjwa wa kukaa nao. Alitaka akamuuguze mpaka mwisho, hata kama ni miaka. Lakini kwa kadi ya ukaazi aliyokuwa nayo, akikaa nje muda mrefu angeweza kuikosa njia ya kurudi kwa Defne. Akipata uraia, anakwenda anavyotaka na kurudi anavyotaka. Na uraia ni kukaa mbele ya afisa na kujibu kwa Kiingereza. Mimi niliyesikia upepo kwenye simu, nielezwe nini zaidi? Nikasema, huyu atapita, hata kama nitambeba mgongoni.

Tukafanya kazi mwaka na zaidi. Nilimwekea jina la rais ukutani, miezi nikaigeuza wimbo, maswali ya serikali nikayaandika kwenye kadi anazobandika jikoni juu ya mtungi wa siki. Alikuwa anayajibu huku anakunja majani ya zabibu. Nilijivunia sana.

Siku moja nilipanda naye basi. Akaingia, akamwangalia dereva usoni, akasema wazi wazi, "Shikamoo!" Dereva, Mhabeshi mpole, akajibu, "Good morning, Mama." Bi Nazmiye akanigeukia, kidevu juu, kama mtoto aliyepata mia kwa mia. Nikaelewa palepale. Mwalimu wa Kiingereza anamsalimia shikamoo kila siku. Sasa shikamoo itakuwa lugha gani kama si Kiingereza?

Na duka la dawa vivyo hivyo. Kwenye foleni kulikuwa na dada mmoja wa Dar anayetunza wazee, yuko na sare yake. Bi Nazmiye akamwambia shikamoo. Yule dada aliruka! "Jamani, mama! Wewe ndiye wa kuniamkia mimi? Shikamoo mwenyewe!" Bi Nazmiye akaitikia, "Merhaba," akatoka ameridhika kabisa na maendeleo yake.

Nilicheka. Nikawasimulia kanisani, wakacheka. Kila Jumanne nilisema leo nitamweleza, na kila Jumanne akisema merhaba nikaona aah, nitamweleza wiki ijayo. Ukweli ni kwamba sikutaka. Nikimweleza atanisalimia good morning kama wengine, na mimi nitabaki tena mbele kwenye foleni. Hilo ni kosa langu la kazi, naliandika hapa kwa mkono wangu. Sikuliona kubwa. Salamu tu, nikasema moyoni.

Siku ya mahojiano Aylin alimpeleka, mimi nikabaki na darasa. Walirudi kabla ya mchana. Bi Nazmiye hakushuka garini. Aylin akaja mlangoni, kope nyekundu.

"Alimwambia afisa shikamoo," akasema. "Yule baba akauliza, nini? Akamwambia tena, kwa nguvu. Akauliza, mama, unaongea Kiingereza? Akamwambia shikamoo mara ya tatu. Alidhani yule ndiye hajui. Halafu akaogopa. Hata jina lake hakuweza kusema." Akajifuta macho. "Hocam, nimeuliza watu pale nje. Wamesema hilo si neno la Kiingereza."

"Si la Kiingereza," nikasema. "Ni la kwetu."

"Ulikuwa unajua anadhani ni Kiingereza?"

Ningeweza kusema sikujua. "Nilijua," nikasema.

Aylin hakunitukana. Alinitazama kidogo tu, akarudi garini. Nilisimama pale mlangoni na kalamu ya ubao mkononi mpaka ikakauka. Maneno ya Bi Dorothy yakanijia, uliza kwanza kosa ni la nani, na sikuhitaji kuuliza.

Afisa alimpa nafasi moja ya kurudia, baada ya wiki kadhaa. Baada ya hapo ni kuanza upya mwanzo kabisa, na Giresun hali ya dada ilikuwa inazidi. Na Bi Nazmiye hakuja Alhamisi. Hakuja Jumanne. Kiti chake cha mbele hakuna aliyekikalia. Nilipiga simu, Aylin akasema kwa adabu, "Amepumzika, hocam." Mnaijua adabu ya namna hiyo. Unaweza kuikatia nyanya.

Lakini nilikuwa na sahani yake. Sahani nyeupe yenye mstari wa buluu, ilikuja na baklava, andazi lao la njugu na asali, wiki moja kabla ya mahojiano. Nikaiangalia pale kabatini, nikajiambia, Esta, sahani ya mtu ikiwa kwako hamjaachana bado. Nikaloweka mchele.

Nilikwenda siku ya bayram, maana siku hiyo kwao hata adui hafungiwi mlango. Treni nyekundu, treni buluu, basi, vitumbua vimefunikwa mapajani. Nyumba imejaa wageni. Bi Nazmiye amekaa kwenye kiti chake, wajukuu wa jamaa wamepanga mstari. Aliniona. Hakusema merhaba.

Nikasimama kwenye mstari nyuma ya watoto. Watu wazima wakageuka kunitazama, mmoja akacheka kidogo akakatishwa. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti, nikachukua mkono wake, nikaubusu, nikauweka kwenye paji la uso wangu. Nikasema, "Shikamoo, mama." Halafu nikamwomba Aylin atafsiri, neno kwa neno, asipunguze.

Nikamweleza. Kwamba hilo ni neno la kwetu, mdogo anampa mkubwa. Kwamba wazee walitufundisha maana yake ni nashika miguu yako. Kwamba jibu lake kwetu ni marahaba, na siku ile ya kwanza alipoingia na merhaba yake nilidhani ananidai salamu. Kwamba mama yangu alikuwa amekufa na sikumzika. Kwamba nilijua anakosea na nikanyamaza kwa uchoyo wangu mwenyewe. Hapo nililia, sioni haya kuwaambia.

Bi Nazmiye alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu. Aylin akasita kukitafsiri.

"Anauliza, siku zote hizo ulikuwa unamsalimia nani? Yeye, au mama yako?"

Mbele ya watu wote. Nikafikiri, nikaona uongo niliokwisha kuufanya unatosha.

"Mwanzoni, mama yangu," nikasema. "Sasa hivi, yeye."

Bi Nazmiye akaangalia sahani. Akafunua, akachukua kitumbua, akakila chote, taratibu, watu wote wanasubiri. Akapangusa vidole. Akasema maneno mengi makali, na Aylin akatafsiri machache: "Anasema wewe ni mwalimu mbaya, na vitumbua leo havina chumvi. Anasema kesho uje mapema." Kisha akaniwekea pipi mkononi, kama wale watoto.

Wiki nzima tulifanya good morning tu. Good morning, sir. Good morning, ma'am. Nilitoka nje nikaingia mara thelathini kwa siku, nimevaa koti la mume wangu, najifanya afisa. Defne naye alikuwa afisa, mkali kuliko wote, anakaa juu ya mito miwili. Kadi tukazirudia moja moja. Siku ya mara ya pili nilimwomba Bi Dorothy anishikie darasa, nikaenda kukaa naye kwenye ukumbi wa kusubiria. Jina lake lilipoitwa aliniegemea akasema polepole, kwa Kiingereza, "Not shikamoo."

"Not shikamoo," nikasema.

Alikaa mle ndani dakika ambazo sikuzihesabu kwa sababu nilikuwa nasali. Mlango ulipofunguka alitoka amenyooka, karatasi kifuani, akamwambia mlinzi good morning, akamwambia mama wa usafi good morning, akawaambia good morning watu wote waliokaa ukumbini, na ilikuwa saa nane mchana. Wote wakamwitikia.

Alipoapishwa na kupata pasipoti yake akaenda Giresun. Alikaa huko mwaka na miezi minne. Dada yake alifia mikononi mwake, akamwosha, akamzika. Alirudi amekonda, siku ya kwanza akaja darasani, akasimama mlangoni na mfuko wa njugu za kwao. Nikasema shikamoo. Akasema merhaba. Sasa kila mmoja anajua anachosema.

Tangu hapo nimekula bayram kwao kila mwaka. Krismasi wanakuja kwangu, wanakula pilau, hawagusi kitoweo mpaka Aylin akinuse kwanza. Mume wangu alipofariki, Bi Nazmiye alikaa jikoni kwangu siku saba, anapika, hasemi kitu. Mkiniuliza nimepata nini katika kazi hii, andikeni hizo siku saba.

Sasa ana miaka themanini na kitu, na kichwa kimeanza kumwacha. Kiingereza nilichomfundisha kimeondoka chote. Daktari anasema lugha uliyojifunza mwisho ndiyo inayotangulia kwenda. Rais, miezi, good morning, hakuna. Mwaka huu hata Kituruki kinakatika. Defne, ambaye sasa yuko chuo, aliniambia kwenye simu, "Auntie, please don't be sad if she doesn't know you." Defne Kituruki anakielewa, lakini anajibu Kiingereza, hilo mtalikuta kwenye kila nyumba, hata zenu.

Nilikwenda Jumamosi, siku moja baada ya keki. Sahani yangu mkononi. Bi Nazmiye yuko kwenye kiti kile kile, blanketi miguuni. Aylin akamwambia mimi ni nani. Akaniangalia kama unavyoangalia basi lisilo lako. Niliumia, nisiseme uongo.

Nikapiga magoti, siku hizi yanalia. Nikachukua mkono, nikabusu, nikauweka kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mama."

Defne akaangalia pembeni. Halafu ule mkono ukageuka, ukanishika shavu, na ile sauti nzito ikatoka chini kabisa:

"Marahaba."

Defne anasema ni merhaba tu, uzee ndio umeivuta. Huenda. Yeye hakufundisha matamshi miaka kumi na saba. Mimi nimefundisha, na nilizisikia a zote nne.

Kwa hiyo, Wanjiru, Baraka, funguo ya kabati iko kwa mlinzi, na kalamu za kabatini zote zimekufa, nunueni zenu. Mimi msinionee huruma kwamba nimezeeka nimekaa nyumbani. Foleni ipo, lakini mbele yangu bado kuna mtu.